Walipanda Miti, Halafu Wakahama

Kama umelelewa kwa nyumba ya kazi, tayari unajua hii stori inaelekea wapi.

Nyumba ya kazi ni ile mzazi amepewa kwa sababu ya cheo. Kwota za polisi. Nyumba za walimu ndani ya shule ya bweni. Nyumba za reli, za magereza, za hospitali. Kwetu ilikuwa nyumba ya mchungaji. Hamlipi kodi, majirani wanadhani mmeomoka, lakini siku barua ya uhamisho ikifika mnapakia makochi kwa lori na mnaacha kila kitu chenye mizizi. Sisi tumeacha miti minne ya avokado, mpera mmoja na ua mzima wa maua, kwa kaunti tatu tofauti. Yote ilipandwa na Mama.

Leo nataka kuwaambia kuhusu nyumba moja ya kazi iliyokuwa Uingereza, kwa kijiji kinaitwa Steventon, kaunti ya Hampshire. Nyumba yenyewe haipo. Ilibomolewa miaka ya 1820. Kilichobaki ni uwanja: nyasi, mteremko, vichaka vya mpakani, miti na pampu ya kisima. Ni hivyo tu. Na bado watu wanatoka mbali sana kwenda kusimama kando ya barabara na kuangalia hizo nyasi.

Sababu ni msichana aliyezaliwa hapo tarehe 16 Desemba 1775, mtoto wa saba kati ya wanane. Jane Austen. Ndiyo, yule wa Pride and Prejudice, ile filamu ya 2005 ambayo wasichana wa darasa letu walikuwa wanapitishiana kwa flashi kama mtihani ulioibwa. Aliishi hapo miaka 25. Rasimu za kwanza za vitabu vyake vitatu aliziandika kwa hiyo nyumba.

Sasa, mimi si mtaalamu wa vitabu. Kilichonishika ni kwamba Jane alikuwa mtoto wa mchungaji. Kama mimi. Nyumba ilikuwa ya kazi. Kama yetu. Na nikianza kusoma vile hiyo familia ilipata na kupoteza huo uwanja, nilikuwa nasikia sauti ya Mama kwa kila sentensi.

Wacha nieleze vile mambo yalikuwa. Babake, George Austen, alikuwa rekta, yaani kasisi mwenye parokia. Alipewa hiyo kazi mwaka 1761. Aliyempa hakuwa askofu. Alikuwa jamaa wa ukoo wao, tajiri anayeitwa Thomas Knight, aliyemiliki ardhi ya Steventon na pamoja nayo haki ya kuchagua kasisi. Mambo ya kujuana hayakuanza na sisi.

Rekta hakuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Alikula zaka, na hapa simaanishi bahasha ya Jumapili. Ilikuwa sheria: fungu la kumi la mazao ya parokia ni lake, uwe unampenda au humpendi. Pia alipata nyumba na shamba la kanisa la kulima mwenyewe. Na bado hazikutosha. George Austen alikodi shamba lingine na kulima. Alichukua wavulana wa watu, akawalaza kwake na kuwafundisha kwa ada. Mkewe alifuga ng'ombe na kuku. Kwa hivyo ukiona picha za huo uwanja na uanze kuwaza wanawake wenye magauni marefu wakitembea polepole na miavuli, ongeza harufu ya mbolea. Palikuwa mahali pa kazi.

Lakini palikuwa pazuri. Mpwa wa Jane, James Edward Austen-Leigh, aliandika kitabu kuhusu shangazi yake mwaka 1870, na anaeleza nyumba ikiwa ndani ya bonde dogo, imezungukwa na malisho ya mteremko yaliyotawanyika miti ya elmi, miti mirefu sana ya kule. Nyuma kulikuwa na bustani iliyochanganya mboga na maua, na juu yake uwanda wa nyasi safi. Jane alipoandika kuhusu msichana anayependa kubingirika kwenye mteremko wa nyasi nyuma ya nyumba, wasomaji wengi wanaamini alikuwa anakumbuka hapo.

Hiyo sura ya nyasi pana, miti moja moja na kondoo kwa mbali ndiyo Waingereza wanaita paki. Na msidanganyike kwamba ni asili. Paki inatengenezwa. Kulikuwa na jamaa anaitwa Humphry Repton ambaye hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ukimwita, anakuja kwako, anatembea, halafu anakuchorea kitabu chenye jalada jekundu. Ndani kuna picha ya shamba lako lilivyo sasa, na juu yake kipande cha karatasi unachofunua. Ukifunua, unaona vile litakuwa ukimlipa. Kabla na baada. Huyo jamaa alikuwa akifanya kontenti kabla ya umeme.

Na makasisi matajiri walimwita. Binamu ya mamake Jane, Thomas Leigh, alikuwa rekta wa kijiji cha Adlestrop, na Repton alimfanyia kazi ya kupanga uwanja wake. Jane alitembea huko mara kadhaa, akaona. Baadaye, kwenye Mansfield Park ya mwaka 1814, akamtaja Repton kwa jina, pamoja na bei yake: gini tano kwa siku. Kwa kitabu hicho hicho kuna kijana mmoja mwenye pesa anayemshauri kasisi mtarajiwa aondoe zizi lililo mbele ya nyumba na kugeuza kila kitu, ndiyo nyumba ya kasisi ifanane na ya bwana mkubwa. Yaani tuoneshe uzuri, tufiche kazi. Shikilieni hiyo bei ya gini tano. Tutairudia.

Kule Steventon hawakumwita Repton. Walijifanyia wenyewe. Tarehe 25 Oktoba 1800 Jane alimwandikia dada yake Cassandra barua akimpa habari za maboresho ya nyumbani. Kingo kando ya njia ya miti ya elmi imesawazishwa, tayari kwa vichaka vya maua. Upande wa pili wa njia wameamua ubaki nyasi, na wapande miti mipya ya aina tatu. Ukisoma hiyo barua unamwona mtu aliye na mpango. Miti si sukuma wiki. Ukipanda mti wa kivuli, unasema utakuwa hapo miaka ishirini.

Wiki mbili baadaye, Novemba, upepo mkali ukaja. Jane akaandika tena, na hii barua inauma. Anahesabu miti ya elmi iliyoanguka, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anasoma majina kwenye matanga.

Halafu Desemba ya mwaka huo huo wazazi wakatangaza kwamba mzee anastaafu. Wanahama. Nyumba inaenda kwa kaka mkubwa, James, kwa sababu James ni kasisi na sasa ndiye atakayeshika parokia.

Fikirieni hapo. Oktoba unapanda. Desemba unaambiwa funga virago.

Mei 1801 vitu vikauzwa. Vitabu vya babake zaidi ya 500 vikaenda. Piano ya Jane ikauzwa kwa gini nane. Gini nane! Mtaalamu wa kukuchorea nyasi alikuwa analipwa gini tano kwa siku moja, na kitu ambacho msichana amepiga kila asubuhi hakifiki hata malipo ya siku mbili za huyo mtaalamu. Sijui kama alipoandika ile bei kwenye kitabu alikuwa anafikiria piano yake. Mimi ningefikiria.

Mnajua kilichofuata? Mzee alifariki Januari 1805 huko Bath. Zaka zikaisha siku hiyo hiyo, kwa sababu zaka ni za mwenye kiti, na kiti sasa ni cha mwingine. Mama mjane na mabinti wawili wasioolewa wakabaki wakitegemea michango ya kaka zao. Harambee ya familia. Wakaishi vyumba vya kupanga, wakahamia Southampton, na ni mwaka 1809 tu ndiyo wakapata nyumba ya kutulia, kwa kijiji cha Chawton, baada ya kaka mmoja, Edward, kuwapa nyumba ndogo. Edward alikuwa amechukuliwa na wale matajiri wa Knight na kurithi mali yao. Miaka minane kutoka siku walipotoka Steventon. Na kwa hiyo miaka Jane karibu hakuandika kitu cha kumaliza. Kurudi kwenye kuta ambazo hakuna mtu anakuja kuzidai, kitabu kikatoka mwaka 1811: Sense and Sensibility. Kinaanza na mjane na mabinti zake wakitolewa kwa nyumba waliyoizoea. Na mrithi anakata miti mizee ya jozi ndiyo mke wake apate nafasi ya nyumba ya kioo ya maua. Haikuwa hadithi ya kutunga tu, marafiki.

Nilikuwa darasa la sita wakati mchungaji wa kanisa jirani na letu alifariki. Mazishi yalikuwa makubwa, hema tano, hotuba mpaka jioni. Kila aliyeshika maikrofoni alisema mjane hataachwa. Kabla mwaka uishe, yeye na watoto watatu walikuwa kwa chumba kimoja kwa dada yake, na mchungaji mpya alikuwa amepaka nyumba rangi. Hakuna mtu alikuwa mbaya hapo. Mchungaji mpya pia alikuwa na watoto, nao pia walihitaji pa kulala. Hiyo ndiyo inaumiza zaidi. Huna hata wa kukasirikia. Lakini usiku huo nilisikia Mama akimuuliza Baba polepole, "Na sisi tukifikiwa?" Baba hakujibu. Au alijibu na mimi sikusikia.

Mama huitwa Mama Mchungaji. Hata jina lake linatokana na kazi ya mtu mwingine.

Binamu yangu anatunza wazee huko Basingstoke, mji ulio karibu na Steventon. Nilimsumbua mpaka siku moja akapata lifti ya mwenzake wa kazini, akanipigia video. Ilikuwa baridi, pua yake imekuwa nyekundu.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Naona nyasi."

"Na nini tena?"

"Nyasi zingine. Sasa wewe, nimeacha siku yangu ya ofu nije nikuoneshe malisho?"

Akazungusha simu polepole. Mteremko. Miti mikubwa. Pampu ya kisima, imezungushiwa vyuma. Kuna mti wa laimu ambao wenyeji husema ulipandwa na James, yule kaka. Si ndimu, ni mti mkubwa wa kivuli. Ng'ambo, juu ya kilima, iko nyumba iliyojengwa kuchukua nafasi ya ile ya zamani, kwa sababu ile ya bondeni ilikuwa inaingia maji. Edward ndiye alimjengea mwanawe William, aliyekuwa rekta hapo miaka 50.

"Kuna geti," binamu akasema. "Mimi siingii. Viza yangu ni ya kazi."

Tukacheka. Halafu akanyamaza kidogo, na bila kunigeuzia kamera akasema, "Panafanana na pale nyuma kwenu. Kabla wakate."

Ni kweli. Nyuma ya nyumba yetu ya pili kulikuwa na mteremko na avokado tatu. Mwaka mmoja baada ya sisi kuhama, kamati ikakata zote tatu wapate maegesho. Rafiki akatutumia picha. Mama aliiangalia, akazima simu, akaenda kuchambua mchele. Mpaka leo hajaizungumzia.

Sasa sikieni hii. Katika sheria ya zamani ya Uingereza, rekta hakuruhusiwa kukata miti ya mbao kwa ardhi ya kanisa vile anataka. Angeweza kukata kwa ajili ya ukarabati wa nyumba na majengo, basi. Mti haukuwa wake, ulikuwa wa kazi, na wa yule anayekuja nyuma yake. Na kama aliacha nyumba ikioza, yeye au warithi wake walidaiwa gharama na anayeingia. Soma hiyo tena: mjane angeweza kutolewa kwa nyumba na bado adaiwe paa linalovuja. Ni sheria kali, lakini ni moja ya sababu viwanja vingi vya makasisi vilidumu na miti yake mpaka tukavikuta. Ilifikiria mti. Ilifikiria paa. Ilifikiria kasisi ajaye. Yule mama aliyepanda, na binti aliyeandika barua kuhusu upandaji, hawakufikiriwa.

Na wakati Kanisa la Uingereza lilianza kuuza nyumba zake kubwa za makasisi, karne ya 20, wanunuzi walikuwa wenye pesa. Leo nyumba ya zamani ya kasisi yenye uwanja wake ni ndoto ya tajiri wa London. Wachungaji wenyewe wanakaa kwa nyumba ndogo za kisasa, bado za kazi, na wakistaafu bado wanatoka.

Hata ile miti ya elmi haikumaliza safari. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 ugonjwa wa kuvu unaosambazwa na wadudu uliua zaidi ya elmi milioni 25 Uingereza. Kwa hivyo unachoona Steventon leo si kilekile Jane alichoona. Umbo la ardhi limebaki, mteremko umebaki, kisima kimebaki. Mwaka 2011 wanaakiolojia walichimba mahali nyumba ilikuwa wakapata mabaki yake na vipande vya vyombo. Familia ya watu kumi pamoja na wanafunzi wao, na kilichobaki ni vigae.

Watu wengi wakifika hapo wanaandika vitu vitamu. Kwamba nyumba hupita lakini ardhi hukumbuka. Kwamba panda mti hata kama hutakaa kivulini. Nimesoma hizo, na zingine ni nzuri. Lakini mimi nimelelewa kwa hizo nyumba na nina neno moja la kuongeza: uzuri wa mahali si haki ya mahali. Unaweza kupapenda kuliko mtu yeyote, uchimbe mashimo, umwagilie, uandike barua, na bado jina lako lisionekane kwa karatasi yoyote. Ardhi haikukumbuka Jane. Watu ndio walimkumbuka, na ni kwa sababu aliandika. Ni wangapi walipanda kwa uwanja kama huo na hawakuandika?

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua baadhi ya wazee watanuna. Kanisa, shule, au idara yoyote inayompa mtu nyumba ya kazi ianze kumsaidia kupata ploti yake mwaka anaoingia, na si ule anaotoka. Hati iwe na majina mawili, la mwenye cheo na la yule anayepanda avokado. Na kamati, kabla hamjapeleka msumeno wa moto nyuma ya nyumba, pigeni simu moja. Ulizeni nani alipanda. Hamtalazimika kuacha mti. Lakini mtu aambiwe na sauti ya binadamu, asitumiwe picha na rafiki.

Na sisi watoto wa nyumba za kazi, tuache kuogopa kuuliza wazazi hilo swali la usiku. Tukifikiwa, tunaenda wapi? Uliza mchana, chai ikiwa mezani, kalamu ikiwa karibu.

Baba anastaafu Desemba. Juzi alichimba mashimo mawili nyuma ya nyumba tuliyomo sasa, ile yake ya mwisho, akamwambia Mama mvua ikianza wapande. Mama akamwambia, "Pasta, mimi sipandi tena mahali nitaambiwa nitoke." Hakupaza sauti. Baba akaegemea jembe, akasema anayekuja pia atakuwa na watoto. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana hakuna aliyeshinda.

Mashimo bado yako wazi. Mama amenunua miche kumi na miwili na kuipanda kwa mikebe ya rangi, imepangwa kando ya mlango wa jikoni, kila mkebe umetobolewa chini vizuri. Anasema hiyo itapanda lori pamoja na makochi.

Miche kumi na miwili. Ploti, bado.